RAFU MBILI NA MAJINA YAKE
Historia Fupi ya Istilahi za Kupanga Vitabu, kwa Mfano wa Msomaji wa Kaengesa

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza jinsi Kiswahili kilivyozipata istilahi zinazotumika katika kupanga na kutafuta vitabu maktabani, na hasa istilahi mbili ambazo hadi leo hazijatulia: ile ya vitabu vilivyobuniwa na ile ya vitabu ambavyo havikubuniwa. Huenda jambo hili likaonekana kuwa ni la wakutubi peke yao. Lakini jina linaloandikwa juu ya rafu ndilo mlango wa kwanza anaoupita msomaji. Jina likipotoka, msomaji hupita kando ya kitabu anachokihitaji bila kujua kwamba kipo.

Ili mjadala uwe na mahali pa kusimama, tumchukue msomaji mmoja wa kufikirika, mkazi wa Kaengesa. Kaengesa iko katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, katika Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974. Jina lake limefika mbali kwa sababu ya seminari yake. Msomaji wetu huzungumza Kifipa nyumbani, amesoma Kiswahili shuleni, amekutana na Kiingereza katika masomo ya sekondari, na wazee wake walizoea kusikia Kilatini kanisani kabla ya mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka 1962 hadi 1965. Maktaba yoyote itakayomfaa haina budi kuwa na vitabu mchanganyiko: vya dini na vya kilimo, kamusi na historia, riwaya na maisha ya watu mashuhuri. Swali letu ni hili: anapoingia katika chumba cha vitabu vya namna hiyo, Kiswahili kinamwongoza kwa maneno gani?

2. Chuo, kitabu na maktaba

Yafaa kuanza na jina la kitu chenyewe. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, kitabu kiliitwa chuo. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyosalia, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Hali kadhalika mwanachuoni hakuwa mwanafunzi aliyeandikishwa mahali fulani, bali mtu aliyebobea katika vitabu. Baadaye maana ilihama, ikatoka katika kitabu ikaenda kwa mahali kinaposomwa, na leo tunasema chuo cha ualimu na Chuo Kikuu bila kukumbuka kwamba neno hilo liliwahi kushikwa mkononi na kufunuliwa kurasa.

Nafasi iliyoachwa wazi na neno chuo ilijazwa na kitabu. Neno hili lilipopokewa kutoka Kiarabu lilipewa wingi wa vitabu, ingawa katika Kiarabu silabi yake ya kwanza ni sehemu ya neno lenyewe wala si kiambishi. Waswahili waliona ki, wakaipa vi. Mzizi huo huo umetupatia katibu, katiba, mkataba na maktaba, yaani mahali pa vitabu. Umetupatia pia mkutubi. Katika Kiarabu, kutubi ni muuza vitabu. Kiswahili kimemfanya kuwa mtunzaji na mwongozaji wa wasomaji, naye haviuzi hata kidogo. Hakuna aliyelalamika, wala hapakuwa na haja ya kulalamika. Neno lilihama kazi, na kazi mpya ikakubaliwa na jamii.

Maneno ya sehemu za kitabu yanaonyesha historia hiyo hiyo. Ukurasa, jalada, juzuu na dibaji ni maneno yaliyoingia pamoja na elimu ya Kiislamu ya pwani, na juzuu lilitumika kwa mafungu ya Kurani kabla ya kutumika kwa mabuku ya kamusi. Chapa lilitoka Bara Hindi. Rafu nalo ni neno la asili ya Kiarabu. Lakini katika nyumba za mawe za Lamu na Pate vitu vya thamani viliwekwa pia katika zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani. Basi msamiati wa vitabu ulikuwepo kabla ya maktaba za umma kujengwa. Kilichokosekana ni msamiati wa kuvipanga vitabu vingi kwa ajili ya msomaji asiyejulikana.

3. Kutoka sandukuni hadi rafu wazi

Katika Ufipa historia ya vitabu haiwezi kutengwa na historia ya misioni. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la White Fathers, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na kutoka eneo hilo kazi yao ilienea hadi katika uwanda wa juu. Askofu Adolphe Lechaptois alichapisha mwaka 1913 kitabu kinachoeleza maisha na desturi za watu wa kandokando ya ziwa hilo, Wafipa wakiwa miongoni mwao. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kifaransa na kuchapwa Algiers. Ni moja ya hazina za habari za Ufipa. Hata hivyo, wale walioelezwa humo hawakuweza kukisoma. Hii ndiyo rafu ya kwanza ya Ufipa: vitabu kuhusu watu, visivyo kwa ajili ya watu hao.

Vitabu vya Kiswahili vilivyofuata vilipita katika milango miwili ya idhini. Vile vya Kanisa vilibeba kibali cha askofu kwamba havina kosa la imani. Vile vya shule vilibeba kibali cha Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusimamia usanifishaji wa Kiswahili uliojengwa juu ya Kiunguja. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alihariri kamusi zilizotoka mwaka 1939, na pia alishiriki kufasiri hadithi za Kiingereza zilizosomwa sana mashuleni, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kwa hiyo kitabu kilipofika bara kilikuwa kimekwisha kukaguliwa imani yake au sarufi yake. Hakuna aliyeulizwa swali la tatu: je, msomaji atakitafuta chini ya jina gani?

Sababu ya kutoulizwa ni kwamba msomaji hakuwa akitafuta. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, iliwapelekea wasomaji wa mbali vitabu katika masanduku na kwa njia ya posta. Huduma hii ilistahili sifa kubwa, kwani iliwafikia watu ambao hawakuwa na duka la vitabu wala maktaba. Lakini sanduku lina desturi zake. Mtu huchagua katika vile vilivyotiwa ndani na mtu mwingine. Na anayeagiza kwa posta hana budi kukijua kitabu kwa jina kabla ya kukiona. Katika hali zote mbili hakuna nafasi ya kukutana na kitabu kwa bahati.

Badiliko lilikuja baada ya Uhuru. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius K. Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 1967 ndio uliotungwa Sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika miaka ya 1970 kampeni ya kisomo cha watu wazima ilizaa haja ya maktaba za vijijini, ili mtu aliyejifunza kusoma asije akasahau kwa kukosa cha kusoma. Hapo ndipo rafu wazi, ambayo msomaji huifikia mwenyewe kwa mkono wake, ilipoanza kuwa jambo la wananchi wengi, na ndipo swali la majina ya rafu lilipoanza kudai jibu.

4. Hadithi, riwaya na fungu lisilo na jina

Maktaba zetu zilipokea mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Mpango huu huligawa elimu katika mafungu kumi kwa tarakimu, kuanzia 000 hadi 900. Fasihi ni 800, na fasihi ya Kiswahili imepewa nafasi yake katika 896.392. Dini ni 200, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya fungu hilo imekuwa ya Ukristo, huku Uislamu ukiwa umebanwa katika 297. Tarakimu hazina lugha, lakini kama tunavyoona, zina mtazamo.

Pamoja na mpango huo ilikuja desturi ya maktaba za umma za Uingereza na Marekani ya kuzitoa riwaya katika fungu la fasihi na kuzipa rafu zake, zikapangwa kwa majina ya waandishi. Maktaba ikawa na pande mbili. Upande mmoja ni vitabu vya kubuni. Upande wa pili ni vingine vyote. Kiingereza huutaja upande huo wa pili kwa kuukanusha ule wa kwanza. Mfasiri anayefuata neno kwa neno hulazimika kusema vitabu visivyo vya hadithi. Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba humwambia msomaji wa Kaengesa asichokikuta pale, wala haimwambii atakachokikuta. Ni sawa na soko kuandika juu ya kibanda cha mahindi kwamba hapa hapauzwi samaki.

Ugumu hauishii hapo, kwani hata neno hadithi lina safari yake. Katika Kiarabu hadithi ni mazungumzo au habari, na kwa Waislamu ni mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume, ambayo wanachuoni waliyachuja kwa bidii kubwa ili kutenga ya kweli na ya kutiliwa shaka. Katika Kiswahili maana hiyo imebaki, lakini kando yake imekua maana nyingine ya masimulizi ya kuburudisha, hata msimulizi wa jioni huzikaribisha hadithi na uongo pamoja ili utamu ukolee. Neno riwaya nalo katika Kiarabu lilihusu upokezi wa habari kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine. Leo kwetu ni kisa kirefu cha kubuni. Kisa chenyewe hutumika kwa visa vya Mitume, ambavyo mwenye imani havioni kuwa vya kubuni hata kidogo.

Ni dhahiri basi kwamba Kiswahili hakikuyagawa masimulizi kwa kigezo cha kubuniwa na kutobuniwa. Kiligawa kwa namna ya usimulizi na chanzo chake. Habari ni iliyopokewa. Tarehe, katika maana yake ya zamani, ni mambo ya kale yaliyoandikwa kwa mfululizo. Sira na wasifu ni maisha ya mtu. Hekaya na ngano ni za kufurahisha na kufunza. Mgawanyo huu una mantiki yake. Haumwulizi msomaji kama anataka kweli au uongo. Humwuliza anataka kusikia kutoka kwa nani, na juu ya nini.

5. Vitabu vinavyokaa mpakani

Ubora wa istilahi hupimwa kwa vitu vinavyokaa mpakani. Tumpe mkutubi vitabu vichache tuone atavielekeza wapi.

Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Wako wahakiki wanaokihesabu kuwa miongoni mwa riwaya za mwanzo za Kiswahili. Lakini kinasimulia habari za watumwa waliokombolewa na makazi yao ya Frere Town, karibu na Mombasa, jamaa za mwandishi wakiwa miongoni mwao. Kikiwekwa katika riwaya, mwanafunzi wa historia hatakiona. Kikiwekwa katika historia, mwenye kupenda riwaya hatajua sanaa yake ilivyoanza.

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Nchi yake iko angani, wala hakuna atakayedai kwamba ipo. Lakini mashtaka yanayosemwa katika baraza la nchi hiyo ni mashtaka ya dhuluma ambayo msomaji wa enzi ya ukoloni aliweza kuyatambua. Jina lenyewe la kitabu lina mzaha wa mtaalamu wa lugha: jambo la kubuniwa limeitwa jambo linaloweza kusadikiwa. Mwandishi huyo huyo aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, juu ya mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Kwa desturi ya rafu mbili, Shaaban Robert hukatwa vipande viwili, na msomaji aliyempenda upande mmoja huenda asijue kwamba yuko pia upande wa pili.

Mfano wa tatu unatoka Ufipa yenyewe. Wafipa husimulia juu ya Milansi, mji wa kale wa mtawala wao wa kwanza, Ntatakwa, na juu ya wanawake wageni waliofika wakati mtawala wa Milansi hayupo na kujitwalia utawala wa nchi. Tangu hapo, kwa mujibu wa masimulizi hayo, Milansi ilibaki na heshima ya kimila, na ukoo wa Watwachi ukashika madaraka. Mwanaanthropolojia Roy Willis alitoa mwaka 1978 kitabu juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa, na mwaka 1981 kitabu kingine juu ya kuundwa kwa dola yao, ambacho huyachambua masimulizi hayo ya Milansi kama ufunguo wa historia. Mwandishi ni mmoja na watu ni wale wale, lakini kimoja kitaelekea kwenye fasihi simulizi na kingine kwenye historia. Kwa mzee wa Ufipa anayesimulia habari za Milansi, kuulizwa kama hiyo ni hadithi au historia ni kuulizwa swali lisilo lake. Kwake hiyo ni habari ya asili ya nchi, na inaeleza nani anastahili heshima gani.

Mfano wa nne ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Masimulizi ya maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yalichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Kijana wa Kaengesa anayependa visa vya safari na hatari angeyasoma kwa hamu kuliko riwaya nyingi. Lakini yakiwekwa chini ya kibao kinachosema visivyo vya hadithi, ataamini kwamba hayamhusu, maana yeye alikuja kutafuta hadithi.

6. Kupekua, kupitia na kuvinjari

Tendo la msomaji mbele ya rafu wazi linahitaji kitenzi chake. Mtu huyu hasomi bado, wala hatafuti kitabu anachokijua. Anatembea, anatoa kimoja, anafunua, anarudisha, anachukua kingine. Ni tendo ambalo sanduku la vitabu halikuliruhusu, na kwa hiyo halikupewa jina mapema.

Kitenzi kupekua kipo, na picha yake ya kuku anayechakura ni nzuri. Lakini upekuzi umekwisha kuchukuliwa na polisi na forodha. Ni tendo la anayeshuku. Kupitia ni sahihi lakini chepesi mno, kwani hata barua hupitiwa. Kudurusu ni kusoma kwa makini, kinyume cha tunachokitaka. Kuperuzi ni neno la karibuni lililotoholewa kutoka Kiingereza, na limependwa na vijana.

Kuvinjari ni neno lenye historia ya kuvutia zaidi. Asili yake ni ya baharini: ni kuzungukazunguka kwa chombo huku na huko kwa kuangalia na kulinda. Ilipokuja intaneti, neno hili liliitwa nchi kavu, likazaa hata kivinjari, yaani programu ya kompyuta inayotumika kupitia kurasa za mtandao. Kwa hiyo istilahi iliyotoka majini ilifika kwenye kompyuta bila ya kutua kwanza katika rafu za vitabu, mahali palipokuwa na haja nayo tangu zamani. Hatuoni sababu ya kuinyima nafasi hiyo sasa. Huenda mtu akauliza kama neno la bahari litamfaa mkazi wa uwanda wa juu. Jibu ni kwamba Ufipa ina ziwa kila upande, na kwamba maneno mengi ya pwani yamekwisha kupanda mlima huo bila kuchoka.

7. Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, neno bunilizi, ambalo limekwisha kuingia katika taaluma ya fasihi, litumike kama istilahi ya jumla ya maandishi ya kubuni. Ni neno lililoundwa kwa kanuni za Kiswahili kutoka kitenzi kubuni, na halibebi mzigo wa maana mbili alioubeba hadithi. Hata hivyo, liwe neno la orodha na la mafunzo ya ukutubi. Juu ya rafu yenyewe iandikwe Hadithi na Riwaya, maana hayo ndiyo maneno anayokuja nayo msomaji.

Pili, fungu la pili lisipewe jina la kukanusha. Wako wanaopendelea vitabu vya maarifa. Tunaona hatari katika jina hilo, kwani litamfanya mzazi adhani kwamba riwaya haina maarifa, na litamwondolea mtoto Kusadikika mikononi. Afadhali fungu hilo lisiwe na jina moja kabisa. Liitwe kwa yaliyomo: Historia, Maisha ya Watu, Dini, Kilimo, Afya, Sheria, Lugha. Msomaji hahitaji kujua kwamba haya yote ni ndugu kwa sababu tu hayakubuniwa.

Tatu, kitabu cha mpakani kiandikwe mara mbili katika orodha, hata kama nakala ni moja. Kadi ya pili, au mstari wa pili katika kompyuta, ni gharama ndogo kuliko kumpoteza msomaji.

Nne, istilahi hizi zijaribiwe mbali na ofisi za mji mkuu kabla ya kupitishwa. Mtu mmoja aliyezoea Kifipa nyumbani na Kiswahili shuleni, akiachwa mbele ya rafu kwa nusu saa bila ya kuongozwa, atatuonyesha ni vibao vipi vinavyosema na vipi vilivyo bubu.

Vitabu vya Ufipa vilianza kwa kuwasimulia watu kwa lugha wasiyoisoma. Si haki sasa, vitabu vinapowafikia kwa lugha wanayoisoma, vifichwe nyuma ya majina wasiyoyaelewa. Wakutubi, walimu na wasomaji wa mikoa yote wanaombwa watuletee majina yanayotumika katika rafu zao, pamoja na maelezo ya jinsi wasomaji wanavyoyapokea, ili yachunguzwe katika vikao vijavyo vya istilahi.